Kuacha Kitabu na Kumwachia Mtu Kitabu: Hadithi ya Alisi katika Ufuo wa Kisumu

Utangulizi

Tofauti ya umbo kati ya kitenzi acha na kitenzi achia ni ndogo mno. Ni irabu moja tu iliyopachikwa kabla ya kiishio. Hata hivyo, irabu hiyo hubadilisha uhusiano wote uliomo katika sentensi. Anayeacha kitu hutengana nacho, na sentensi ikaishia hapo. Anayeachia, kwa upande mwingine, hana budi kuwa na mtendewa: humwachia mtu fulani kitu fulani. Pasipo mtendewa huyo, kauli ya kutendea haijakamilika.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti hiyo ndiyo inayobeba uzito wa desturi moja iliyoenea duniani tangu mwanzo wa karne hii. Ni desturi ya mtu kukiweka kitabu akipendacho mahali pa hadhara, kwa makusudi, ili mwingine asiyemjua akiokote, akisome, kisha naye akiweke mahali pengine. Tutaichunguza desturi hii kwa kutumia riwaya moja ya ajabu ya watoto, yaani hadithi ya Alisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili mara mbili, na kwa kuangalia eneo moja, yaani Kisumu na ufuo wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya. Swali letu ni hili: kitabu hicho kikikutwa juu ya benchi pale Dunga, au mahali wasafiri wanapongojea feri huko Luanda K'Otieno, mpita njia atajuaje kama kimesahauliwa, kimetupwa, au kuna mtu aliyeachiwa? Tutatetea rai kwamba jibu halimo katika kitabu chenyewe wala katika nia njema ya mtoaji. Limo katika maandishi machache yanayoambatana nacho, na lugha inayoufaa zaidi ufuo huu kwa kazi hiyo ni Kiswahili.

Asili ya desturi hii

Watu wameachiana vitabu tangu zamani, lakini utaratibu unaojulikana leo kwa jina la BookCrossing ulianzishwa na Ron Hornbaker nchini Marekani mwezi wa Aprili 2001. Kanuni zake ni tatu: soma, sajili, achilia. Mwenye kitabu hukisajili kwenye tovuti, hupewa nambari ya pekee, huibandika ndani ya jalada, kisha hukiweka mkahawani, kituoni au bustanini. Anayekiokota anaweza kuiingiza nambari ile katika tovuti na kueleza alikikuta wapi. Kwa njia hiyo mtoaji huweza kuufuata msafara wa kitabu chake kutoka mji hadi mji. Kufikia mwaka wa 2004 neno hilo lilikuwa limeingizwa katika kamusi ya Kiingereza ya Concise Oxford.

Desturi nyingine za jamaa hiyo zilifuata. Mwaka wa 2009, Todd Bol wa mji wa Hudson, jimbo la Wisconsin, alijenga kisanduku chenye umbo la shule ndogo kwa kumkumbuka mama yake aliyekuwa mwalimu, akakijaza vitabu na kukisimamisha nje ya nyumba yake. Visanduku vya aina hiyo sasa vimo katika nchi nyingi. Mwezi wa Novemba 2016 mwigizaji Emma Watson aliacha nakala za kitabu cha Maya Angelou katika vituo vya treni za chini ya ardhi jijini London, na jambo hilo likatangazwa kote.

Ni vyema kutambua kwamba vitabu vingi vilivyoachiliwa kwa utaratibu huu havikusikika tena. Mtoaji anayengoja habari huenda akangoja maisha yake yote. Wahenga wetu walikwisha kulisema hili waliposhauri: tenda wema nenda zako. Wala wazo la kumpa msomaji usiyemjua si geni kwa Waswahili. Misahafu na vitabu vingi katika misikiti ya pwani vimewekwa wakfu. Huandikwa hivyo ndani yake, na tangu hapo haviuzwi wala havirithiwi. Vivyo hivyo, maji ya sabili huwekwa njiani kwa ajili ya yeyote mwenye kiu, bila kuulizwa ametoka wapi. Tuzingatie hapa kwamba wakfu hutambulika kwa maandishi. Neno moja lililoandikwa ndani ya jalada ndilo linalokitoa kitabu katika milki ya mtu na kukiweka katika milki ya wote wanaokihitaji.

Kwa nini hadithi ya Alisi

Hadithi hii ilisimuliwa kwanza mashuani. Tarehe 4 Julai 1862, mwalimu wa hisabati wa Oxford aliyeitwa Charles Lutwidge Dodgson aliwapeleka watoto watatu wa kike kutembea kwa mashua katika mto Thames, akawatungia kisa cha msichana aliyetumbukia katika shimo la sungura. Mmoja wa watoto hao, Alice Liddell, alimwomba akiandike. Kitabu kilichapishwa mwaka wa 1865 chini ya jina la kalamu la Lewis Carroll.

Kiswahili kilikipata mwaka wa 1940, wakati E. V. St Lo Conan-Davies alipokitafsiri kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, kikachapishwa na Sheldon Press ya London. Katika picha za toleo hilo, Elisi ni msichana Mwafrika. Miaka 75 baadaye, mwaka wa 2015, Ida Hadjivayanis alitoa tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Mtaalamu huyu ndiye pia aliyeitafsiri riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise kwa jina la Peponi, iliyotoka mwaka wa 2022.

Kuna sababu mbili za kuichagua hadithi hii. Kwanza, inakutana na mtoto wa Afrika Mashariki mahali anapopafahamu, kisha inamgeuzia mambo. Mtoto huyo amelelewa na Sungura mjanja, yule anayewashinda Fisi na Simba kwa akili. Katika Nchi ya Ajabu anakutana na sungura mwenye saa mfukoni, anayehema kwa kuchelewa na anayemwogopa bibi mkubwa wake. Kicheko kinachozuka hapo hakitokani na Uingereza peke yake. Kinatokana na kumbukumbu za msomaji mwenyewe.

Pili, ndani ya riwaya hii mna kitu kilichoachwa kwa ajili ya asiyejulikana. Mapema katika kisa, Alisi anakuta mezani chupa ambayo shingoni imefungwa karatasi yenye maandishi yanayomwalika aikutaye ainywe. Hakuna anayejua ni nani aliyeiweka. Alisi haifakamii. Anaichunguza kwanza aone kama imeandikwa kwamba ni sumu. Asipoona onyo lolote, anaonja. Hivyo ndivyo mtu mwenye busara anavyokiendea kitu alichokikuta njiani. Husoma maandishi yake, hupima, ndipo huamua. Chupa isiyo na karatasi shingoni ingebaki palepale mezani.

Ufuo wenye hekaya za mgeni na cha kuokota

Mtu anayetaka kumwachia asiyemjua kitabu cha ajabu katika ufuo huu hana budi kujua kwamba ufuo wenyewe una hekaya zake. Mbili kati ya hizo zinahusu moja kwa moja jambo tunalolijadili.

Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo liitwalo Simbi Nyaima, maana yake Simbi iliyozama. Masimulizi ya Waluo yanaeleza kwamba hapo palikuwa na kijiji. Bibi kizee asiyejulikana alifika wakati watu wamo katika sherehe, akaomba chakula na mahali pa kupumzika, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkirimu. Bibi yule alimwonya mwenyeji wake aondoke na jamaa zake, kisha mvua ikanyesha na kijiji kikazama na wote waliokuwamo.

Upande wa Gwassi, kusini zaidi, husimuliwa kisa cha Nyamgondho mwana wa Ombare. Huyu alikuwa mvuvi fukara. Siku moja mtego wake haukunasa samaki bali bibi kizee. Alimchukua nyumbani, na kulipokucha boma lake lilijaa ng'ombe. Utajiri ulipomlevya, akamtukana yule aliyemletea neema. Bibi alirudi ziwani na mifugo yote ikamfuata. Nyamgondho alisimama ufuoni akitazama, ameegemea fimbo yake, hadi akageuka mti.

Hekaya ya kwanza inauliza: una wajibu gani kwa mtu usiyemjua? Ya pili inauliza: una wajibu gani kwa kitu ulichokipata bila kukitolea jasho? Desturi ya kuachiana vitabu inasimama juu ya maswali hayo mawili. Mtoaji analijibu la kwanza na muokotaji analijibu la pili. Kwa hiyo anayedai kwamba jambo hili ni anasa ya wageni isiyo na mizizi katika ufuo huu hajausikiliza ufuo wenyewe.

Wapo waliousikiliza na kuandika. Grace Ogot alichapisha kwa Dholuo, miongoni mwa kazi nyingine, Aloo kod Apul-Apul mwaka wa 1981 na Miaha mwaka wa 1983. Asenath Bole Odaga, aliyeishi kutoka 1937 hadi 2014, alitoa mkusanyiko wa hadithi uitwao Thu Tinda mwaka wa 1980, jina linalotokana na maneno ya kufungia hadithi kwa Dholuo. Kisha akaanzisha shirika la uchapishaji la Lake Publishers mjini Kisumu mwaka wa 1982. Mwandishi huyu aliona kwamba hadithi haina budi kumfikia mtoto mahali alipo, na kwamba mji wa Kisumu haukuhitaji kungojea Nairobi imletee.

Pingamizi na vikwazo

Pingamizi la kwanza, nalo ni zito, linahusu bei. Mwaka wa 2013 sheria ya kodi ya ongezeko la thamani ilianza kuvitoza vitabu nchini Kenya asilimia 16. Mzazi anayehesabu senti kununua vitabu vya shule atashangaa kusikia kwamba kuna mtu anayekiweka kitabu kizima juu ya benchi na kuondoka. Je, si afadhali kipelekwe shuleni au maktabani?

Jibu ni kwamba vitabu vya shule na vya maktaba viende huko. Chini ya Katiba ya 2010, maktaba zimo miongoni mwa majukumu ya kaunti, na hakuna benchi litakaloweza kuchukua nafasi ya maktaba iliyo na watumishi na rafu. Isitoshe, kitabu cha maktaba, au nakala pekee iliyobaki, kamwe kisiachwe njiani. Lakini shule ina mipaka yake. Mwalimu anayewajibika kwa kila nakala hulazimika kuvifungia vitabu kabatini. Aidha, tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka wa 1985 na Kiswahili kufanywa somo la lazima lenye mtihani, watoto wengi wa ufuo huu walikutana na maandishi ya Kiswahili kama kitu kinachosahihishwa kwa kalamu nyekundu. Kitabu kilichokutwa benchini hakina maswali ya ufahamu mwishoni. Anayekisoma hasubiri alama. Huenda mtoto akawa anaonja kwa mara ya kwanza Kiswahili kisichomdai chochote, na hilo ni jambo ambalo shule, hata ikiwa njema kiasi gani, haiwezi kumpa kwa urahisi.

Pingamizi la pili ni kwamba kitabu kitauzwa. Wachuuzi wa vitabu kuukuu hutandaza bidhaa zao kando ya barabara katika miji yetu, na nakala nzuri itapata mnunuzi. Hili si janga kubwa, kwa kuwa mnunuzi ni msomaji. Janga ni kitabu kuchanwa kurasa na kugeuzwa karatasi za kufungia njugu. Kitabu kisichoonekana kuwa cha mtu yeyote ndicho kinachoipata ajali hiyo upesi.

Kikwazo cha tatu ni hofu. Tangu shambulio la Nairobi la mwaka wa 1998 na yaliyofuata, Wakenya wamefundishwa kutogusa mzigo usio na mwenyewe. Kitabu kilichofichwa ndani ya mfuko kitawatisha watu na pengine kuwaita polisi. Kwa hiyo kiwekwe wazi, jalada juu. Hapo hutokea kikwazo cha nne, yaani mvua. Masika huanza Machi hadi Mei, na vuli hurudi kati ya Oktoba na Desemba. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017. Basi mahali panapofaa ni pale penye paa na penye watu wanaongoja: baraza la zahanati, kinyozi, kibanda cha chai katika soko la Kibuye, chumba cha wasafiri wa feri. Anayengoja ana muda, na mwenye muda husoma.

Kikwazo cha tano hakionekani kwa urahisi, nacho ni kikubwa kuliko vyote. Kitabu kisicho na maelezo humkimbiza mtu mwaminifu. Mama anayepita na mwanawe atamwambia mtoto aache kitu cha watu. Kijana atajizuia asije akaitiwa mwizi sokoni. Atakayekichukua bila wasiwasi ni yule asiyejali kilikuwa cha nani. Kwa hiyo mtoaji aliyeacha bila kuachia amemfungia mlango yule hasa aliyetaka kumkaribisha.

Waraka wa ukurasa wa kwanza

Hapa ndipo maandishi machache yanapohitajika. Tunapendekeza waraka wa aina hii, uandikwe kwa mkono ndani ya jalada, na muhtasari wake ubandikwe nje:

Msomaji mpenzi, kitabu hiki hakikupotea wala hakikusahauliwa. Umeachiwa wewe. Kichukue nyumbani, ukisome au umsomee mtoto. Ukimaliza, andika hapa chini mahali ulipokipata na mwezi, kisha umwachie mwingine. Hakiuzwi.

Tuuchambue waraka huu kama matini nyingine yoyote. Sentensi ya kwanza inakanusha maelezo mawili ambayo mpita njia amekwisha kujitolea moyoni. Ya pili imetumia kauli ya kutendewa, umeachiwa, ili msomaji ndiye awe kiima na mtoaji atoweke. Kiwakilishi wewe kinachofuata, ambacho kisarufi kingeweza kuachwa, ndicho kinachomtoa muokotaji katika umati. Vitenzi vya amri vinafuatwa na hali ya dhamira tegemezi, namna ya Kiswahili ya kuagiza kwa adabu. Msomaji anaombwa jina la mahali, si jina lake, kwa sababu mtu hapaswi kujitambulisha ili apewe. Neno la mwisho, hakiuzwi, linafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na neno wakfu.

Kwa nini Kiswahili? Dholuo ndiyo lugha ya nyumbani kwa wengi katika ufuo huu, na mstari mmoja wa Dholuo chini ya waraka utapendeza. Lakini tangu reli ilipofika mwaka wa 1901, Kisumu imekuwa mji wa watu waliokutana: Waluo, Waluhya, Wakisii, Wasuba, Wanubi, Wahindi na wengineo. Mtoaji hamjui atakayeokota, na kwa hiyo hawezi kuichagua lugha ya nyumbani kwake. Kiingereza kitaeleweka na wengi, lakini hapa kwetu kinanuka ofisi na tangazo la onyo. Kiswahili ndicho lugha ambayo watu wasiojuana huanza kuzungumza wanapokutana kivukoni. Hakimwulizi mtu kabila lake kwanza. Tena ziwa ni moja, na kitabu cha Kiswahili kikipanda chombo kutoka Kisumu kikashuka Mwanza kitasomeka huko bila mkalimani.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kukiweka kitabu hadharani si kukitupa, mradi mtendewa atajwe, hata kama jina lake halijulikani. Hekaya za Simbi na Nyamgondho zinathibitisha kwamba ufuo huu ulikwisha kuyatafakari mambo ya mgeni na ya kitu kilichookotwa kabla ya intaneti. Hadithi ya Alisi nayo inatukumbusha kwamba chupa huhitaji karatasi shingoni.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili tunatoa mapendekezo mawili. La kwanza ni kwamba kila tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka wa 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kila tawi la chama linaloweza kununua nakala mbili tatu za riwaya ya ajabu ya watoto liziachie wasafiri wa ufuo, kwa waraka ulioandikwa kwa mkono. Si lazima ziwe za Alisi. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka wa 1952, ina majini na ndugu waliogeuzwa manyani, na mtoto mkubwa kidogo ataifurahia. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

La pili ni gumu zaidi. Hekaya za Simbi na Nyamgondho zinastahili kuandikwa kwa Kiswahili cha watoto, kwa urefu wa riwaya na kwa picha nzuri, na wenye kuweza kuifanya kazi hiyo ni wanafunzi waliolelewa na masimulizi hayo na kufundishwa lugha hii. Mtoto anayengoja feri pale Luanda K'Otieno, akitazama maji yaleyale yaliyoimeza mifugo ya Nyamgondho, anastahili siku moja kukikuta kisa hicho benchini, na ndani ya jalada asome kwamba ameachiwa yeye.